Mwanzo wa Pilau ya Alhamisi

Alhamisi ilikuwa zamu ya Bi Shemsa, na pilau ilikuwa tayari tangu adhuhuri. Mumewe, Bwana Mahfudhi, hakutokea. Alasiri wifi yake akaja kumwambia asimngoje: yuko kwa mke mdogo, ameshakula, amelala.

"Siku yangu tena?"

Bi Shemsa akalishika sufuria kwa kanga, akaliburura hadi nje, akalibwaga katikati ya njia. Mfuniko ukaruka. Harufu ya bizari ikajaa mtaa mzima.

"Kuleni!" akafoka. "Kuleni nyote! Mwenyewe ameshiba kwingine!"

Wachukuzi wakaegesha mikokoteni. Fundi viatu akaja na sinia.

"Wifi, unatuaibisha," wifi yake akanong'ona.

"Anayekuaibisha ni kaka yako. Nenda ukamwamshe."

Akawapakulia watu mpaka ukoko.

Alhamisi iliyofuata, pilau ilipoiva, alifungua mlango akakuta foleni ya watu na sahani zao imefika hadi msikitini. Bwana Mahfudhi naye alikuwepo, kanzu imenyooka kwa pasi, akijipenyeza mbele.

"Nipisheni, mimi nakula ndani."

Bi Shemsa akanyoosha upawa kuelekea mwisho wa foleni.

"Sahani umekuja nayo?"