Zizi, Malisho, Jioni

Nyuzi za gitaa zilikuwa zimekatika tena.

Mzee Mhoja alizitoa mfukoni zikiwa zimejiviringisha kama mizizi, akaziweka mezani. "Mwalimu, naomba nyingine."

Philomena alizitazama, kisha akavitazama vidole vya mzee. Hapo ndipo alipokuwa haelewi. Viganja vilijaa sugu za jembe, lakini ncha za vidole vya mkono wa kushoto hazikuwa na hata alama ya waya. Mtu asiyefanya mazoezi anakataje nyuzi?

"Haya, tusikie kordi ya G."

Mhoja alilikumbatia gitaa kama mtu aliyebebeshwa ndama asiye wake. Mlio uliotoka ulimfanya Specioza, dada yake Philomena, aliyekuwa akipepeta mchele uani, acheke mpaka ungo ukayumba.

Kwa mdomo, lakini, mzee alikuwa hodari. Philomena alipomweleza kwamba kordi tatu zinaishi kama familia, kwamba G ni nyumbani, C ni kutoka kidogo, na D ndiyo inayokutia hamu ya kurudi, Mhoja alikuna kidevu. "Basi G ni zizi, C ni malisho, D ni jioni. Ng'ombe wakiona jioni, hakuna anayewafundisha njia." Philomena alipiga makofi kwa furaha.

Shida ilikuwa mazoezi. Alimfundisha ayapime kama mboga na ugali: dakika kumi za vidole, kumi za nadharia, kumi za wimbo unaoupenda. "Kisha weka gitaa chini ukiwa bado unalitaka. Ukisubiri mpaka ulichukie, kesho hutalishika." Mzee alikariri yote. Vidole vyake havikukariri kitu. Na kila Jumamosi, badala ya kupiga, aliuliza maswali.

"Na mtu wa mkono wa kushoto, afanyeje?"

"Wewe si unatumia wa kulia, mzee?"

"Nauliza tu."

Philomena akamwonyesha namna ya kugeuza nyuzi. Jumamosi iliyofuata: "Na mwenye vidole vifupi?" Vya Mhoja vilikuwa virefu, vidole vya mkamuaji. Hata hivyo alimwonyesha G nyepesi, ya kidole kimoja. Jumamosi nyingine tena: "Na mwenye mtoto mgongoni?"

"Kwani una mtoto mgongoni, mzee wangu?"

"Mimi nina mgongo tu."

Walicheka wote wawili. Kisha, kwa kuwa hakuwahi kulikataa swali, Philomena akamwambia mtu wa namna hiyo akalie kigoda, ainame mbele kidogo, na gitaa alilaze pajani. "Wabeja, mwalimu," alishukuru Mhoja kwa Kisukuma. Akafunga nyuzi mpya kwenye kitambaa, akapanda baiskeli yake kurudi kijijini kwake Sapiwi.

"Philo," alisema Specioza, "mwanafunzi mmoja, naye hapigi. Hii ni shule au ni matanga?"

Philomena alikuwa amemaliza chuo cha ualimu, akaja Bariadi kukaa kwa dada yake, nesi wa hospitali, huku akisubiri ajira ambayo haikufika. Alikuja na gitaa lake na imani yake: kwamba hakuna asiyeweza kupiga, yupo tu asiyefundishwa kwa upole. Wengine walikuja kujaribu, wakaacha. Alibaki Mhoja. Na huko Bukoba mjomba wao alikuwa anamngoja akae dukani, auze misumari na mabati.

Hivyo aliweka ahadi. Msimu wa ununuzi wa pamba ukiisha kabla mzee hajapiga hata wimbo mmoja, atafunga virago, na neno ualimu hatalitaja tena.

Pamba iliisha. Jumamosi hiyo Mhoja alijaribu wimbo, jasho likimtoka, na hata kuku waliondoka uani.

"Si kosa lako, mwalimu," alisema mzee.

Lakini Philomena alijua ni la nani. Jumapili baada ya misa alichukua bodaboda kwenda Sapiwi, maana mzee kama yule haagwi kwa simu. Njiani walimuuliza mama mmoja aliyejitwisha ndoo.

"Kwa mwalimu Mhoja? Pale penye ua wa minyaa."

Mwalimu? Watu wa huku wana heshima, aliwaza Philomena. Alishuka kwenye minyaa, akamwambia dereva, "Nisubiri hapa hapa, kaka. Sichelewi."

Maneno ya kuaga alikuwa ameshayapanga. Akachungulia ndani ya ua.

Watu walikaa nusu duara juu ya vigoda. Gitaa la dukani lilikuwa moja tu. Mengine yalitengenezwa kwa madumu ya mafuta ya kula, shingo zake za miti. Mwanamume mwenye vidole vifupi kama ndizi sukari alikandamiza waya mmoja kwa kidole kimoja. Msichana wa pembeni yake alicharaza kwa mkono wa kushoto, nyuzi zimegeuzwa. Mama mmoja aliinama mbele kidogo, gitaa pajani, mtoto amelala fofofo mgongoni. Mbele yao alisimama Mhoja, mkononi hana kitu ila fimbo ya kuchungia.

"Zizi!" aliita, na madumu yote yakaitika. "Malisho!" Yakatoka pamoja. "Jioni!" Na kabla hajafungua mdomo tena, magitaa yakarudi zizini yenyewe.

"Sasa wekeni chini," alisema Mhoja, "mkiwa bado mnayataka."

Philomena alimrudia dereva kwenye minyaa.

"Nenda tu, kaka," alimwambia. "Nitachelewa."