Nyumba ya Ubeti wa Pili

Mwongozaji wa video ya wimbo wao aligeuza kompyuta ili wanafunzi wenzake waone picha. "Nyumba ya ubeti wa pili nimeipata. Umaskini ndio huu sasa!"

Wakashangilia. Chiriku, mwimbaji wao, hakushangilia. Aliliona bati lililokandamizwa kwa tairi bovu, na pazia la maua lililotiwa kiraka kwa uzi mweupe. Uzi ule aliutunga sindanoni yeye mwenyewe, maana macho ya mama yake hayalioni tena tundu.

Sema, alijiambia.

"Mwenye nyumba atakubali?" akauliza mpigapicha.

"Keshakubali, tena bure! Alitaka hata kupaka chokaa kwa heshima ya wageni. Nikamwambia, mama, tafadhali, usiguse kitu."

Wakaangua kicheko. Chiriku naye akacheka, angefanyaje?

"Kaomba jambo moja tu. Ana binti anasoma hapa hapa chuoni, anataka tuje naye siku hiyo. Jina limenitoka, lakini nilimpiga mama picha akiwa ameshika ya bintiye. Ngojeni."

Akabofya. Mtandao ulikuwa mzito, picha ikafunguka polepole kutoka juu: bati, kilemba cha sikukuu, tabasamu la mama, kisha vidole vyake, vimeshika ukingo wa fremu.