Mwavuli wa Mwezi wa Saba

"Hesabu," alisema Papa Alphonse, akiusokomeza mwavuli mfukoni mwa koti kwa mara ya sita.

Jamali akahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Mwavuli ukatoka, ukafunguka puu! mbele ya uso wa mteja.

"Inakawia," akasema Alphonse kutoka nyuma ya kitambaa. "Natafuta ya mbili."

Ulikuwa mwezi wa saba. Lubumbashi yote ilikuwa vumbi. Mvua ilikwisha kuaga tangu Aprili, na hakuna aliyeitarajia kabla ya Oktoba. Jamali, ambaye ukoo wake ulitoka Maniema na ufundi mikononi, aliuza na kutengeneza miavuli karibu na soko, na katika miezi hii mikavu alimshukuru Mungu kwa kila mteja. Ila wateja wengine Mungu huwatuma kama mtihani.

"Papa, kamata hii," akasema, akishusha mwavuli mrefu usiokunjika. "Fimbo moja, nguvu kabisa. Upepo inaikimbia. Bantu batatu banaenea chini yake."

"Ntaificha wapi? Bantu bataiona toka mbali."

Kuficha! Tangu lini mwavuli ukafichwa kama chupa ya pombe ya mlokole? Jamali akameza maneno hayo, akaleta ule mdogo kuliko yote, wa kukunjwa mara tano. Ulienea hata katika mfuko wa shati. Alphonse alifurahi sana, mpaka alipoufungua. Ulitaka kuvutwa kwa mkono, kiungo baada ya kiungo. Jamali alihesabu hadi tisa, na kwa raha zake.

"Njo vile iko, Papa. Ukitaka kadogo, utaikunja mara mingi. Ukiikunja mara mingi, viungo vinakuwa mingi, vijiti vinakuwa myembamba. Na kila kiungo, njo fasi ya kuvunjikia. Kitu kidogo, kikubwa na nguvu pamoja, ile Mungu peke yake njo anaitengeneza. Na eye hana boutique hapa."

Alphonse akaurudisha ule mdogo mezani. Alikuwa fundi wa reli, mwana wa fundi wa reli, mtu mzima mwenye kifua kipana, lakini kwanza akachungulia barabarani.

"Ile ya mbele ya hii ilibloquer, ikakatala kufunguka," akasema polepole. "Juzi, pale soko. Nikabakia na fimbo mu mukono, uso yote inje. Myriam, bibi yangu, alilia siku mbili juu ya ile haya. Akaniambia: mara ingine moja tu, narudia kwetu."

Basi ndoa nzima ilikuwa imening'inia kwenye springi. Jamali alimhurumia kwa kweli. Mke wa kumwaga machozi kwa ajili ya mwavuli, tena wakati wa kiangazi, bila shaka alilelewa kule Golf, mtaa wa matajiri, katika jumba lenye mtu wa kumwagilia maua.

Akautoa wa mwisho, wa kukunjwa mara tatu.

"Hii iko na bouton. Unafinya, inafunguka yenyewe. Lakini springi iko nzito, itavuta koti. Kuifunga, utaisukuma na tumbo. Na iko fupi: mvula itakupiga mabega."

"Mabega haina neno. Uso inafunikwa?"

"Mpaka kifua."

"Na kitambaa, muntu hawezi kuona ngambo?"

"Nyeusi tititi."

Wakajaribu. Mbili kamili. Alphonse akashusha pumzi, akalipa bila hata kuomba apunguziwe.

"Ilibakia moja tu," Jamali alishindwa kujizuia. "Ya pili yake, mama moja ya samaki, ya kutoka Pweto, aliinunua jana. Naye ni uso, uso tu. Mvula hakuiuliza hata. Nazani mwaka hii jua imebaharibu bantu vichwa."

Alphonse akageuka haraka kutazama barabara. "Alipita wapi?"

"Kule soko. Sasa iko na meza pale, kila siku."

Alphonse akatoka akishika njia ya upande mwingine, mwavuli mfukoni, kidole juu ya kitufe. Jamali alisimama mlangoni kumsindikiza kwa macho, maana kichaa wa bure hapatikani kila siku.

Kwenye kona, yule mama wa Pweto akachomoza na kikapu chake cha samaki wakavu. Alikuwa amechelewa sokoni. Hatua tano zikabaki kati yao.

Puu! Puu!

Miavuli miwili myeusi ikasimama ikielekeana chini ya anga isiyo na hata wingu.

"Jambo, mama-mukwe," ukasema mmoja.

"Jambo, bwana ya Myriam," ukajibu wa pili. "Pita, mwanangu. Leo hatukuonana, mila haikuvunjika."