Seva Imejaa

Tangu milango yote ya mji ianze kuomba idhini kwa seva kuu kabla ya kufunguka, hakuna aliyebeba funguo tena. Mkasiwa alitoka kuanika nguo, na mlango ukajifunga nyuma yake. Ndani alibaki bintiye mdogo, Tunu, na sufuria ya uji motoni.

"Subiri," mlango ulimwambia.

Jirani yake Hamadi alitazama simu. "Wahuni wanaimiminia seva maombi ya uongo, dada. Kumbukumbu yake imejaa. Haitusikii."

"Basi tuvunje!"

Waliupiga kwa mawe, lakini ulikuwa wa chuma, na madirisha yalikuwa na nondo. Moshi ukaanza kutoka.

"Mama, fungua!"

"Nakuja, mwanangu," Mkasiwa alijibu, akaendelea kujibu hata Tunu aliponyamaza.