Vifungo Sita

Nesi alisoma swali lilelile la kila miezi mitatu: "Wiki hii mtoto amevaa mwenyewe, akafunga na vifungo?"

"Bila shida," alijibu mama yake Zawena.

Nesi akatia alama. "Hongera, mama. Daktari akiona hivi, dawa ya ugonjwa wa viungo ataipunguza tena. Haya, Zawena, fungua gauni nikuone mabega."

Zawena, mtoto wa miaka saba, akaficha mikono kwapani. Nesi akainama kumfungulia. Kifungo cha kwanza hakikutoka. Cha pili vilevile. Akatazama kwa karibu: vyote sita vilikuwa vimeshonewa juu ya matundu yake, na shingo ya gauni imepanuliwa ili lipite kichwani.

"Alikuwa analia kila asubuhi, nesi," mama akasema. "Nikaona nimpunguzie tabu."

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani."

Nesi akafunua kurasa za nyuma za faili. Tangu Ramadhani dawa ilikuwa imepunguzwa mara mbili.

Alipoinua macho, Zawena alikuwa ametoa mkono, vidole vimevimba kama tangawizi, anakisukuma kifungo cha kwanza kwa bidii, akitaka kumwonyesha nesi kwamba kinafunguka.