Siku ya Kumi na Tatu

Serikali ilipoigeuza shule kuwa karantini, Mwalimu Kibibi alifungiwa humohumo darasani mwake na wenzake kumi. Sheria ilikuwa moja: akiingia mtu mpya chumbani, wote waliomo wanaanza upya kuhesabu siku kumi na nne. Leo ilikuwa ya kumi na tatu. Kesho angempakata mwanawe wa miezi saba.

"Hodi wenyewe," bibi mmoja aliyeletwa karantini siku hiyo aliita mlangoni, mkeka kwapani, mvua ikimnyeshea.

"Chumba cha jirani kuna nafasi tele, bibi!" akadakia Mashaka, fundi cherehani.

"Huko nako wamenijibu hivyohivyo, baba."

Wote wakamtazama Kibibi, mwanamke ambaye kwake hapajawahi kupikwa kwa sufuria ndogo, kwani mgeni hakosi. Alikuwa ameushika mlango kwa mikono miwili. Bibi akasogeza mguu wenye matope hadi kizingitini, akasubiri aitikiwe.