Dawa ya Kufuli

Mjinga wa siku hiyo alikuwa kinyozi mwenyewe, tusimung'unye maneno. Yeye bangi aliiacha kwa kufungiwa chumbani, basi na mdogo wake mlevi akamtilia kufuli. "Tulia humo, bwana mdogo. Mimi si nilipona?"

Asubuhi akasikia kisigino kikigonga ubao wa kitanda, kikigonga bila kupumzika. Alipofungua, mdogo wake alikuwa amekakamaa, macho meupe, povu mdomoni. Kinyozi akamwita jina. Kisigino ndicho kilichojibu.

Kule zahanati muuguzi akamdunga sindano, degedege likatulia. "Mlevi sugu hakatizwi pombe ghafla, atakufa. Huachishwa kwa dawa, huku akiangaliwa. Atabaki hapa."

"Hapana, dada, narudi naye. Mbona mimi kufuli lilinitosha?"

Muuguzi akautazama upara wake, kisha aproni yake iliyojaa nywele. "Na wateja wako wote unawanyoa upara?"